Orlistati miligramu 120 na 60: dawa ya kuzuia mafuta, kazi yake halisi na anayefaa kuitumia

Orlistati inafanya kazi. Inabidi lisemwe mapema, kwa sababu rafu za kupunguza mwili zimejaa chai, kahawa, matone na mikanda ambayo hakuna aliyeipima sawasawa, na mtu aliyekwisha kupoteza fedha zake huko ana kila sababu ya kuihesabu hii nayo kuwa porojo. Hii imepimwa kwa maelfu ya watu, kwa miaka. Ila kazi yake ni moja tu, tena nyembamba: inakifunga kimeng'enya kinachosaga mafuta, ili sehemu ya mafuta ya chakula ipite bila kuingia mwilini. Ugali haiugusi. Soda haiigusi, wala bia, wala sukari ya kwenye chai. Anayenenepa kwa vitu hivyo atameza kapsuli miezi mitatu na mizani itabaki palepale, na humo ndimo yanamozaliwa malalamiko mengi kuhusu dawa hii.

Inauzwa kwa nguvu mbili. Xenical ni ya miligramu 120 na inatakiwa kuandikwa na daktari. Iliidhinishwa Ulaya mwaka 1998 na Marekani mwaka 1999. Ile ya miligramu 60, kwa jina la alli, iliruhusiwa kuuzwa Marekani bila cheti cha daktari mwaka 2007, na Ulaya mwaka 2009. Pembeni yake zipo kapsuli nyingi za makampuni mengine zenye dawa hiyo hiyo kwa bei nafuu. Kiini chake kilitokana na lipstatini, kitu kinachotengenezwa na bakteria anayeitwa Streptomyces toxytricini, ambacho wanakemia wa kampuni ya Roche walikibadilisha kidogo kikawa imara zaidi. Jina la kwenye boksi lisikutishe: cha kutazama ni neno orlistat na idadi ya miligramu.

Ili kujua fedha yako inanunua nini, fuata safari ya mafuta. Karibu mafuta yote ya chakula, yawe ya alizeti, samli, mawese au ya nyama, yako katika umbo la trigliseridi: kipande cha gliseroli kilichoshikwa na asidi tatu za mafuta. Umbo hilo ni kubwa mno kupenya ukuta wa utumbo, kwa hiyo lazima likatwe kwanza. Lipasi ya tumboni, yaani kile kimeng'enya cha kusaga mafuta, huanza kazi. Chakula kikifika kwenye utumbo mwembamba, nyongo huyavunja mafuta yawe matone madogo madogo, kisha lipasi ya kongosho, ikisaidiwa na protini ndogo iitwayo kolipasi, hukata asidi mbili za pembeni na kuiacha ya katikati ikiwa bado imeshikana na gliseroli. Vipande hivyo ndivyo vinavyoingia kwenye seli za utumbo. Humo ndani huunganishwa upya, hufungashwa pamoja na protini, hupita kwenye mishipa ya limfu na hatimaye humwagwa kwenye damu. Mwenye afya njema hufyonza zaidi ya asilimia 95 ya mafuta anayokula. Mwili haumwagi mali.

Orlistati huingilia pale penye kukatwa. Inajishikiza kwa nguvu kwenye sehemu ya lipasi inayofanya kazi, na lipasi iliyokamatwa hivyo haifanyi kazi tena. Mafuta yasiyokatwa hubaki utumboni na kutoka na choo. Dawa yenyewe karibu haiingii kwenye damu, na hilo ni jambo zuri sana ukilinganisha na dawa za zamani za kukata hamu ya kula zilizosumbua moyo. Lakini mlo unaofuata kongosho huleta lipasi mpya, ndiyo maana dozi ya asubuhi haikulindi mchana.

Miligramu 120 kwa kila mlo huzuia takriban asilimia 30 ya mafuta. Miligramu 60 huzuia kama asilimia 25. Angalia jinsi namba hizo zilivyokaribiana: dozi imeongezwa mara mbili, faida imepanda kidogo tu. Na kumeza zaidi ya miligramu 120 mara tatu kwa siku hakujaonyesha faida yoyote ya ziada. Kwa anayelipa kutoka mfukoni mwake, kuanza na 60 ni uamuzi wa busara.

Sasa hesabu ambayo muuzaji hakufanyii. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Anayekula gramu 60 za mafuta kwa siku atapoteza gramu 18 kwa dozi kubwa, yaani kalori 160 hivi. Anayekula gramu 30 atapoteza gramu 9, kalori 80. Soda moja ya mililita 300 ina kalori 120 hivi. Kwa hiyo mtu wa ugali na mboga za maji, mafuta kidogo, soda mbili kwa siku, hana anachokizuia. Akiacha soda bila kununua dawa yoyote atapata faida mara tatu ya ile ya kapsuli. Mwenye chakula cha namna hiyo tunamshauri asiinunue.

Nani basi ana mafuta mezani bila kujua? Wengi, hasa wapishi wa kumimina kwa macho. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia ni gramu 14. Tui zito la kopo lina kati ya gramu 17 na 21 kwa kila mililita 100. Parachichi lina gramu 15 kwa kila gramu 100 za nyama yake, na kiganja cha karanga, gramu 30 hivi, kina gramu 14. Chukua pilau ya kilo moja ya mchele iliyopikwa kwa robo lita ya mafuta na kupakuliwa sahani nane: kila sahani imebeba gramu 28 au 29 za mafuta kabla hujahesabu nyama. Chipsi, maandazi, sambusa na chapati zilizopakwa mafuta kila mkunjo ziko kundi hilo hilo. Walaji wa hivi ndio orlistati iliowafaa.

Na ndio hao hao itakaowaaibisha wasipobadilisha chochote. Maelekezo yanataka mafuta yasizidi asilimia 30 ya kalori, yagawanywe sawasawa kwenye milo mitatu, na kwa wengi hiyo ni kama gramu 15 kwa mlo. Ukila gramu 40 kwa mkupuo juu ya dawa, gramu 12 hivi za mafuta ghafi hushuka hadi utumbo mpana. Huko hayana pa kwenda. Hutoka yakiwa mafuta matupu, mara nyingi ya rangi ya chungwa, wakati mwingine pamoja na upepo, wakati mwingine yenyewe tu na kuchafua nguo. Haja huja ghafla na haingoji. Choo huwa laini, cha mafuta, na hung'ang'ania sinki. Dalili hizi huanza siku ya kwanza au ya pili, na ukiacha dawa hukoma ndani ya siku mbili tatu. Hazionyeshi kwamba mwili unatoa kitambi, kama wanavyodai baadhi ya wauzaji. Yanayotoka ni ya chakula cha jana.

Hapa pana makosa mawili ya kuepuka. La kwanza ni kuihifadhi kapsuli kwa ajili ya harusi na Idi, kwa mawazo kwamba itafuta karamu. Sahani ya karamu ndiyo yenye mafuta mengi kuliko zote, kwa hiyo ndiyo itakayokuletea balaa ukiwa mbali na nyumbani, na mlo mmoja kwa mwezi haupunguzi uzito wa mtu. La pili ni kuanza dawa siku ya kazi. Anza ukiwa na siku mbili za kukaa nyumbani, punguza mafuta kwanza kwa wiki moja, halafu ndipo uongeze kapsuli. Nyuzinyuzi za ispaghula zikinywewa na maji mengi huwapunguzia baadhi ya watu usumbufu huu.

Kuitumia kwenyewe ni rahisi: kapsuli moja kabla tu ya mlo mkuu, katikati yake, au ndani ya saa moja baada ya kula. Usizidishe tatu kwa siku. Ukiruka mlo, ruka na kapsuli. Mlo usio na mafuta, kwa mfano chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha au uji wa maji na ndizi, hauhitaji dawa. Kuimeza hapo ni kutupa fedha.

Vitamini zinataka uangalifu kuliko watu wanavyodhani. A, D, E na K husafiri na mafuta, kwa hiyo mafuta yakitoka nazo hutoka. Karotini ya karoti na mchicha nayo hupungua. Meza kidonge cha vitamini mchanganyiko mara moja kwa siku, saa mbili mbali na orlistati. Wakati wa kulala ndio unaofaa zaidi. Ukivimeza pamoja umeitupa vitamini.

Vitamini K ndiyo inayoleta hatari ya kweli kwa anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande: ikipungua, damu huwa nyepesi kuliko alivyokadiria daktari, kwa hiyo kipimo cha kuganda damu lazima kirudiwe. Anayetumia levothairoksini kwa ajili ya tezi ya shingo aitenganishe na orlistati kwa saa nne. Siklosporini ya waliopandikizwa figo hushuka kwenye damu, na hao wasiiguse orlistati bila daktari wao kujua. Wapo waliopata degedege upya kwa sababu dawa ya kifafa haikufyonzwa vizuri, na wapo waliokuwa wamefubaza VVU kisha virusi vikapanda. Anayetumia ARV asiinunue kimyakimya dirishani. Wanawake wa vidonge vya uzazi wa mpango wakiharisha sana watumie kinga nyingine pamoja navyo.

Mjamzito asiitumie kabisa, wala anayenyonyesha, wala mwenye nyongo iliyoziba, wala mwenye ugonjwa unaomzuia kufyonza chakula. Madhara makali ya ini yameripotiwa kwa nadra sana, lakini macho yakiwa ya manjano, mkojo ukawa mweusi au mwili ukawasha bila sababu, acha dawa siku hiyo hiyo na uende hospitali. Figo nazo zina habari yake. Kwa kawaida kalsiamu ya chakula hushikana utumboni na oksalati, kitu kilichomo kwenye baadhi ya mboga, na vyote hutoka. Mafuta yakibaki mengi hushikana yenyewe na kalsiamu, oksalati hubaki huru, huingia kwenye damu na kuishia kwenye figo kama mawe. Mchicha una oksalati nyingi. Mwenye historia ya mawe ya figo anayekula mchicha kila siku ana sababu ya kuuliza kabla ya kununua.

Tuje kwenye ukinzani wa insulini, maana siku hizi dawa hii inatangazwa sana kwa jina hilo. Mafuta yanapozidi uwezo wa mwili kuyahifadhi chini ya ngozi, hujazana kwenye ini na misuli. Humo mabaki yake huvuruga ujumbe wa insulini ndani ya seli: misuli haichukui glukosi ipasavyo, na ini linaendelea kumwaga glukosi hata wakati hakuna haja. Kongosho huongeza insulini kufidia. Miaka hupita hivyo, sukari ikionekana ya kawaida kwenye vipimo, mpaka kongosho linachoka na kisukari cha aina ya pili kinajitokeza. Kupunguza hata asilimia 5 ya uzito huanza kuyatoa mafuta hayo ya ini, na insulini hurudi kusikilizwa.

Orlistati huingia hapo kwa kupitia mlango wa uzito. Ushahidi wake mkubwa ni utafiti wa XENDOS uliofanyika Uswidi kwa miaka minne na kuchapishwa mwaka 2004, wenye washiriki 3,305 wanene ambao hawakuwa na kisukari. Wote walielekezwa chakula na mazoezi. Nusu wakapewa orlistati, nusu kapsuli tupu. Mwisho wake asilimia 9.0 ya waliopewa kapsuli tupu walikuwa wamepata kisukari, dhidi ya asilimia 6.2 ya waliopewa dawa: hatari ilipungua kwa asilimia 37. Uzito ulishuka kilo 5.8 kwa wenye dawa na kilo 3.0 kwa wenzao. Faida hiyo ilionekana hasa kwa wale ambao sukari yao tayari ilikuwa inayumba mwanzoni. Mtu huyo ndiye anayestahili kuifikiria: mnene, mla mafuta, kipimo cha sukari kiko mpakani. Tena kumbuka kwamba hata wenye kapsuli tupu walipungua, kwa chakula na mazoezi peke yake. Dawa iliongeza chini ya kilo 3 juu ya hapo, na si wote waliovumilia hadi mwisho.

Lakini si dawa ya kushusha sukari. Wanga husagwa na amilasi, kimeng'enya kingine kabisa, na orlistati haina habari nacho; sahani ya wali itapandisha sukari yako kama jana. Usiache metformini ya kisukari kwa sababu yake. Na anayetumia insulini, glibenklamidi au gliklazidi apime sukari mara nyingi zaidi uzito unapoanza kushuka, kwa kuwa dozi ya zamani inaweza kuwa kubwa mno na kumwangusha.

Kwenye rafu hiyo hiyo utakuta vichupa vya vimeng'enya vya mmeng'enyo vikinadiwa kwamba huyeyusha mafuta ya tumbo. Huu ni upotoshaji unaoudhi. Lipasi ya kumeza hukata mafuta ya chakula ili uyafyonze vizuri zaidi, kinyume kabisa cha unachotaka. Haifiki kwenye kitambi, na haiwezi kukigusa. Dawa halisi ya kundi hili ni pankreatini, kama Creon, na inamfaa mtu ambaye kongosho lake limeshindwa kutoa vimeng'enya: aliyeugua kongosho kwa muda mrefu au aliyekatwa sehemu yake. Huyo hukonda, choo chake kina mafuta bila kumeza orlistati. Mtu mzima huanza na yuniti 40,000 hadi 50,000 za lipasi kwa mlo mkubwa, nusu yake kwa kitafunwa, akimeza wakati anakula na si kabla. Punje zake zina ganda la kuzilinda na asidi ya tumbo, kwa hiyo zisitafunwe wala kusagwa. Jambo jingine ambalo wauzaji wengi hawalisemi: pankreatini hiyo hutoka kwenye kongosho la nguruwe, na Mwislamu ana haki ya kuambiwa mapema ili aongee na daktari wake. Orlistati haina kimeng'enya cha mnyama ndani, ila ganda la kapsuli huwa la jelatini; soma boksi kujua asili yake.

Unaponunua, fungua kapsuli moja. Mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitahadharisha juu ya alli bandia zilizokuwa zikiuzwa mtandaoni. Ndani hazikuwa na orlistati hata kidogo. Zilikuwa na sibutramini, dawa ya kukata hamu ambayo iliondolewa sokoni mwaka huo huo kwa kuongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Alama iliyozifichua ni kwamba alli halisi ina punje ndogo nyeupe, zile bandia zilikuwa na unga. Kapsuli inayokunyima usingizi, kukukausha mdomo na kukuendesha moyo mbio, huku choo chako hakijabadilika, si orlistati. Nunua famasi yenye mfamasia, si kwa anayetuma kwa bodaboda kutoka ukurasa wa mtandaoni, na kagua usajili kwa mamlaka ya dawa: TMDA kwa Tanzania, Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya.

Joto nalo ni adui. Inatakiwa ikae chini ya nyuzi 25, mbali na unyevu, na orlistati yenyewe huyeyuka chini ya nyuzi 50, joto ambalo gari lililoegeshwa juani hulifikia bila shida. Kwa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa usinunue duka lisilo na kiyoyozi, na usizihamishie kwenye kikopo cha jikoni. Punje zilizoshikamana kuwa bonge hazifai.

Gharama ipige kwa siku 28, ambazo ni kapsuli 84. Boksi la 42 ni la wiki mbili tu, na wengi hukosea hapo wakilinganisha bei.

Ukiiweka kando ya sindano mpya kama semaglutaidi, ambayo kwa dozi ya miligramu 2.4 kwa wiki ilishusha uzito kwa wastani wa asilimia 15 hivi ndani ya wiki 68, orlistati inaonekana ndogo: kama kilo 3 zaidi ya kapsuli tupu kwa mwaka. Faida zake ni nyingine. Haihitaji friji wala sindano, haizunguki kwenye damu, na inakuonyesha siku ya pili tu kama ulidanganya kuhusu mafuta.

Inaandikwa kwa mwenye BMI, yaani uwiano wa uzito na urefu, ya 30 au zaidi, au 27 hivi kwenda juu akiwa na shinikizo la damu, kisukari au mafuta mengi kwenye damu. Gawa kilo zako kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe: kilo 90 kwa mita 1.65 ni 33. Mtu huyo ajipe wiki 12. Asipopungua asilimia 5, kwake kilo 4.5, kutoka siku aliyomeza kapsuli ya kwanza, asinunue boksi jingine. Arudi kwa daktari na orodha ya anachokula.